Madume Yamezidi

Mama yangu hutoa hukumu akiwa na kazi mkononi. Siku hiyo alikuwa anachambua mchicha mlangoni pa jiko, ungo ameuegemeza kiunoni. Akatazama uani, kisha akasema, "Madume yamezidi hapa nyumbani."

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, nami nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na bomba nikimalizia chai. Nilikuwa na miaka 27, shahada moja, na mkataba wa kazi uliokwisha Dar es Salaam miezi minane kabla. Nilikuwa nimekuja Morogoro kupumzika wiki mbili. Kwa hiyo niliposikia madume yamezidi, niliinua kichwa kwanza nione macho yake yako wapi.

Yalikuwa kwa bata.

"Wabaki wangapi?" nikauliza.

"Mmoja. Ukiwaonea huruma sana, wawili. Wengine utajua mwenyewe, si ndiye unayewalisha?"

Swali la ufugaji lilikuwa limeshajibiwa hapo hapo. Lililobaki kwangu lilikuwa jingine, na bado ninalo: mtu anapata wapi haki ya kumtazama kiumbe aliye hai, asiye na kosa lolote, akasema huyu amezidi?

Nyumba yetu iko Kihonda. Uani kuna mwembe mmoja, tenki la maji lililoinuliwa juu ya matofali, banda la mabanzi na wavu, na karai kubwa lililozama nusu ardhini, ambalo kwa bata wetu ndilo ziwa. Mama alianza kuwafuga alipostaafu ualimu: dume mmoja na majike watano. Ni bata wale wale unaowaona mitaani, weusi kwa weupe, wenye vinundu vyekundu usoni. Asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini, ambako watu waliwafuga kabla Wazungu hawajafika, lakini jaribu kumwambia mtu wa Kihonda kwamba hawa si bata wa kienyeji uone atakavyokucheka. Hawana kelele. Dume hutoa pumzi tu, kama mpira wa baiskeli unaovuja. Na dume ni mkubwa: anaweza kufikia kilo 5, wakati jike ni nusu yake au chini ya hapo. Tofauti hiyo ya uzito naomba uikumbuke.

Nilipofika kutoka Dar, jike mmoja alikuwa ameanza kuatamia mayai 13 chini ya tenki. Bata hawa huatamia siku 35 hivi, wiki moja zaidi ya bata wa aina nyingine wengi. Sikuwa na kazi, kwa hiyo nilizihesabu siku zote 35. Wakaanguliwa 11. Mmoja akachukuliwa na kunguru. Mwingine alizama kwenye karai, na huyo ni wangu, kwa sababu sikuweka jiwe la kupandia. Watu hudhani kifaranga wa bata hawezi kufa maji. Anaweza, akishindwa kutoka.

Wakabaki tisa. Walipofikisha wiki kadhaa, miguu yao ikaanza kusema ukweli. Sita walikuwa na miguu minene na vichwa vipana. Watatu walikuwa wembamba. Sita madume, watatu majike.

Nilisoma kidogo kuhusu jambo hilo. Kwa binadamu, mbegu ya baba ndiyo inayoamua jinsia ya mtoto. Kwa ndege ni kinyume: yai la mama ndilo linaloamua, na kila yai ni kama sarafu iliyorushwa. Nilimweleza Mama, mwalimu wa miaka mingi, nikidhani nimempa kitu kipya. Akasema, "Kwa hiyo hata kwa bata lawama ni za mama."

Basi hesabu yetu ikawa madume saba na majike wanane. Wafugaji wengi watakwambia dume mmoja anatosha majike wanne hadi sita. Mama alikuwa anajua hivyo kutoka kwa mama yake.

Kwanza sikufanya lolote. Vijana wale walikuwa wamefikisha miezi mitano, na nilikuwa nimewalisha tangu siku ya kwanza: pumba iliyochanganywa na dagaa waliosagwa, majani ya mchicha, makombo ya ugali. Mmoja nilimpa jina, kinyume cha amri ya Mama. Nilimwita Diwani, kwa jinsi alivyotembea kifua mbele, polepole, akitikisa kichwa kwa kila aliyempita kana kwamba anapokea malalamiko kuhusu barabara. Ukishampa kiumbe jina, neno "amezidi" linakuwa gumu kutamka. Mama alilijua hilo, ndiyo maana alikataza majina.

Kisha nikafanya ambacho watu wengi wenye huruma hufanya: nikauza. Kuna kijana anayepita mtaani kwetu na baiskeli na tenga, akinunua kuku. Nilimpa madume wawili. Kabla hajawafunga miguu, nikamuuliza, "Unakwenda kuwafuga?"

Akanitazama. Nadhani alinisoma upesi kuliko nilivyojisoma mwenyewe. "Nitawafuga, kaka," akasema.

Nikampunguzia bei.

Siku mbili baadaye nilipita nyuma ya baa moja iliyo karibu na barabara kuu. Kwenye rundo la taka kulikuwa na manyoya meusi yenye mng'ao wa kijani, ule mng'ao ninaoujua kwa sababu nimeutazama jua la jioni likiuwasha siku nyingi. Sikumkasirikia kijana wa tenga. Hakunidanganya. Nilimwomba uongo, akanipa, na ile bei niliyopunguza ndiyo niliyoulipia. Wale bata walikufa kama ambavyo wangekufa kwetu, pengine vibaya zaidi, wakiwa wamefungwa miguu siku nzima juani. Kilichobadilika ni kimoja tu: mimi sikuwepo. Nikajiuliza, kutokuwepo kwangu kulimsaidia nani? Si bata.

Wakabaki madume watano: baba yao, yaani dume la mbegu, na watoto wanne akiwemo Diwani.

Sasa nieleze kwa nini madume wengi ni tatizo, maana msomaji asiyefuga anaweza kudhani shida ni chakula tu. Bata dume hambembelezi jike kwa muda mrefu. Humkimbiza, humshika kisogoni kwa mdomo, humpanda. Dume akiwa mmoja kati ya majike watano, kila jike hupata siku za kupumzika. Wakiwa watano kati ya wanane, hakuna anayepumzika. Mmoja akianza, wengine huja mbio, na jike wa kilo 2 hujikuta chini ya wawili au watatu wenye uzito maradufu. Manyoya ya kisogo hung'oka, ngozi huchanika. Nao hupenda kupandana majini, na hapo kichwa cha jike ndicho kinachokwenda chini.

Hii si tabia mbaya ya bata wa Kihonda. Mwaka 2007 mtafiti Patricia Brennan na wenzake walichapisha utafiti kuhusu maumbile ya ndege wa jamii ya bata. Katika spishi ambazo dume ana uume mrefu uliojiviringa, walikuta njia ya uzazi ya jike nayo imejipinda, kwa upande ulio kinyume, na ina vijifuko visivyo na mwisho, kama uchochoro wa kumpotezea mtu njia. Yaani ugomvi huu ni wa zamani kiasi kwamba umeandikwa ndani ya miili yao. Jike hana nguvu za kumzuia dume, lakini mwili wake umejifunza kumkatalia kwa ndani.

Niliposoma hayo nikaacha kuona uani kwetu kama mahali pa amani palipovurugwa na idadi. Ilikuwa vita ya zamani, na idadi ndiyo iliyokuwa ikiamua nani aumie kiasi gani.

Nikajenga kizuizi. Mabanzi, wavu, mlango wa bati. Nikawaweka vijana wanne upande mmoja, baba yao na majike upande wa pili. Ukweli ni kwamba madume bila majike hutulia kabisa. Walikaa pamoja kama wazee kwenye kijiwe cha kahawa, wakitikisa vichwa. Kwa wiki mbili niliamini nimepata jibu: hakuna aliyekufa, hakuna aliyeumia.

Ila walikuwa wanakula. Madume wanne wakubwa wasiotaga, wasioatamia, wasiouzwa. Mama hakusema kitu. Alichofanya ni kuniachia daftari lake la matumizi juu ya meza, limefunguliwa kwenye ukurasa wa pumba. Huruma yangu ilikuwa inalipwa kwa pensheni yake. Nilifunga daftari, nikaosha vyombo vyote vya mchana bila kuambiwa.

Kisha mvua za vuli zikaja kwa nguvu, upande wa madume ukajaa maji, nikafungua mlango wa bati ili walale pakavu. Nilijiambia ni usiku mmoja. Asubuhi kulikuwa bado na tope. Usiku mmoja ukawa siku tisa.

Mama alisema mara mbili. Mara ya kwanza aliniita nione kisogo cha yule jike wa chini ya tenki, mama yao wale vijana. Pamebaki ngozi tupu, ina damu. Nilimsafisha kwa maji ya chumvi, nikampaka ile dawa ya zambarau ya vidonda. Mara ya pili Mama alisema tu, "Mwanangu, amua."

"Kesho, Mama."

Jumapili asubuhi nilimkuta kwenye karai. Maji yenyewe hayakufika shubiri mbili. Vijana wake walikuwa pembeni wanajichambua manyoya.

Nilitafuta wa kumlaumu. Nilimtazama Diwani kwa chuki, kama mtu anavyomtazama mhalifu, na yeye akanitikisia kichwa kama kawaida. Chuki ikakosa pa kushika. Dume wa bata hajui kuwa huyu ni mama yake. Hajui kuzama ni nini. Hawezi kutenda uovu kwa sababu hawezi kutenda wema. Katika uwanja ule alikuwepo kiumbe mmoja tu awezaye kulaumiwa, naye alikuwa amesimama na ndoo ya pumba mkononi.

Methali inasema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Kwangu haikuwa hata hivyo. Niliwachelea madume, nikajichelea na mimi nisishike kisu, na aliyelipa ni jike ambaye hakuulizwa. Nilidhani kutoamua ni kukaa pembeni. Kumbe nilikuwa nimeamua siku nyingi, ila uamuzi wangu nilimwachia aliye dhaifu kuliko wote aubebe mgongoni, tena kwa maana halisi ya neno hilo.

Nilimzika chini ya mwembe. Mama hakuniambia "nilikwambia". Alinipa jembe.

Usiku huo nilifikiri sana kuhusu neno "ziada". Tunalitumia kana kwamba ni sifa ya kitu, kama vile mweusi au mnene. Lakini hakuna kiumbe anayezaliwa ziada. Ziada ni hesabu, na hesabu ina mhesabuji.

Chukua kuku wa mayai. Kwa aina hizo za kuku, kifaranga dume hatagi, na hanenepi upesi kama kuku wa nyama, kwa hiyo katika viwanda vya kuangulia vifaranga, mabilioni ya madume huuawa duniani kila mwaka, wengi siku ile ile wanayotoka kwenye yai. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia Januari 1, 2022, na sasa kuna mashine zinazoweza kutambua jinsia kifaranga akiwa bado ndani ya yai. Hapo dume ndiye ziada.

Sasa nenda Ufaransa, kwenye biashara ya maini ya bata walionenepeshwa. Bata wanaotumika sana huko ni machotara: baba ni bata wa aina hii hii ya kwetu, mwenye vinundu vyekundu, na mama ni bata mweupe wa Pekin. Wanaotakiwa ni madume, kwa sababu ini la dume hukua vizuri zaidi na halina mishipa mingi. Kwa miaka mingi majike wengi wameuawa wakiwa vifaranga. Hapo jike ndiye ziada.

Ndege wa ukoo mmoja. Uani kwetu dume amezidi, kule jike amezidi. Hakuna kilichobadilika kwa ndege. Kilichobadilika ni mtu anataka nini. Anayetaka mayai atasema dume ni ziada, anayetaka maini atasema jike ni ziada, na wote wawili watalitamka neno hilo kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kama jambo lililotokea lenyewe.

Nakiri kwamba sikuwa nafikiria bata peke yao. Wiki chache kabla, mjomba wangu alikuja kututembelea, akakaa sebuleni, na baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza kazi vipi. Nikamwambia natafuta. Akatikisa kichwa kwa upole, akasema, "Tatizo vijana mmekuwa wengi kuliko kazi." Alisema kwa nia njema, na hesabu yake si ya uongo. Lakini angeweza kusema kazi ni chache kuliko vijana. Hesabu ni ile ile. Kwenye sentensi ya kwanza kosa ni letu tuliozaliwa. Kwenye ya pili, kosa linatafuta mtu mwingine wa kukaa naye.

Mimi si bata, na sitaki kulinganisha maisha ya mtu na ya ndege. Nilichojifunza ni kimoja kuhusu lugha: kila unaposikia fulani wamezidi, uliza kwa kipimo cha nani. Ni haki kuuliza. Ila uani kwetu nilipouliza, jibu lilirudi kwangu. Uwanja tuliupima sisi. Karai tulilizamisha sisi. Mayai 13 tuliyaacha sisi chini ya tenki, tukifurahi kwamba ni mengi. Kama ziada haiko kwa bata, basi iko kwetu, na anayeleta ziada hawezi kudai kwamba mikono yake ni misafi.

Rafiki yangu mmoja asiyekula nyama nilipomsimulia haya alisema dawa ni rahisi: usifuge. Nimeichukua hoja hiyo kwa uzito. Kuhusu mwanzo, ana haki: asiyeleta hadaiwi. Lakini nilikuwa na madume watano walio hai, na kuambiwa nisingeanza hakukunisaidia kujua la kufanya Jumatatu. Tena yeye mwenyewe anakula mayai. Kila yai la dukani lina kaka yake aliyebaki huko kwenye kiwanda cha vifaranga. Sikumwambia hivyo ili kumshinda. Nilimwambia kwa sababu niliona sote wawili tumesimama nyuma ya ile baa, ila mimi nimeona manyoya na yeye bado.

Jumatatu nilimwambia Mama nipo tayari. Akaja uani na kalamu masikioni, kama anakagua darasa. Nilitarajia aseme: vijana wanne waende, baba abaki. Akasema, "Huyu mzee naye."

"Dume la mbegu?"

"Wale majike watatu wadogo ni binti zake. Ukimwacha atazaa nao, vizazi vitadhoofika. Na wale vijana ni kaka zao, vile vile. Huyo mkubwa wako mwenye madaha tutabadilishana na jirani, ana dume kijana asiye wa ukoo huu. Wengine wote, basi."

Kwa hiyo dume la mbegu, ambaye kwa miaka alikuwa ndiye kipimo, yule asiyehesabiwa kwenye ziada kwa sababu wengine walihesabiwa kwa kutoka kwake, alizidi siku binti zake walipokua. Hakufanya kitu. Na Diwani akapona, si kwa jina nililompa, bali kwa kuwa alikuwa mzito kuliko wote. Nilifurahi, na nilijua furaha ile haikuwa haki. Sikuwa na sababu hata moja ya kuwaeleza wale wenzake watatu kwa nini yeye.

Wakachinjwa wanne. Mtaani kwetu, nyama itakayoliwa na majirani wengi huchinjwa na Mwislamu ili kila nyumba iweze kula, kwa hiyo tulimwita mzee wa nyumba ya tatu, ambaye mimi namwita babu ingawa sisi ni Wakristo na hatuna undugu wa damu. Alikuja na kisu amekiviringisha kwenye kitambaa. Nikamwamkia, kisha nikarudi nyuma hatua mbili nimpishe.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Nakupisha, babu."

"Nani aliwalisha?"

"Mimi."

"Basi wewe ndiye utakayeshika."

Alinifundisha bila maneno mengi. Mnyama anyweshwe maji. Kisu kinolewe mbali, asikione. Mmoja asichinjwe mbele ya mwenzake, kwa hiyo tuliwaleta mmoja mmoja nyuma ya ukuta wa choo, wengine wakiwa bandani. Mabawa yakunjwe na kushikwa imara, maana bata ana nguvu, na mshikaji mwoga humchelewesha mchinjaji, akamtesa mnyama. Hilo la mwisho alilirudia. "Ukimwonea huruma, kaza mkono."

Nilikaza. Nilihisi moyo wa kila mmoja kwenye kiganja changu, unakwenda mbio, kisha unakwenda polepole, kisha hauendi. Mara nne. Sitasema nilipata amani. Nilipata kitu kingine: nilijua nilichofanya, nilijua kwa nani, na hakuna aliyetendwa vibaya zaidi ya ilivyolazimu ili mimi nipate usingizi. Wale wawili wa tenga siwezi kusema hivyo juu yao. Wala juu ya mama yao.

Kunyonyoa bata ni adhabu. Maji ya moto sana, mara mbili, na bado malaika ya chini yanang'ang'ania hadi uyapitishe kwenye moto. Ilituchukua hadi saa kumi. Babu alipata mmoja, majirani wakagawana mmoja, wawili tukapika, kwa nazi. Nilikula. Nilidhani ningeshindwa, lakini niliona kwamba kukataa kula, baada ya kushika, kungekuwa maonyesho tu, tena ya kujionyesha mwenyewe.

Sasa uani kuna dume mmoja kijana na majike saba. Mama anasema saba ni wengi kidogo kwa dume mmoja, lakini afadhali hivyo kuliko vingine. Visogo vimeota manyoya. Jioni nikipita kwa jirani Diwani ananitikisia kichwa, ingawa huwatikisia wote.

Jike mmoja ameanza kutaga chini ya tenki. Kila asubuhi, akitoka kwenda kunywa maji, naingiza mkono na kutoa yai la siku hiyo. Nimemwachia matano, nimeyatia alama ya penseli nisiyachanganye na mapya. Yanayotolewa tunakula au tunagawa. Nimeona kwamba hapa, kwenye mayai, ndipo mahali pa kuamua kwa gharama ndogo, kabla hakijawa kitu chenye miguu minene na jina. Huruma yangu ya mwanzo ilikuwa kubwa, ila ilichelewa. Ilifika baada ya mayai 13, ikawakuta wote wameshazaliwa.

Juzi Mama alinikuta nimechuchumaa pale na penseli.

"Umeacha mangapi?"

"Matano."

"Katika matano unaweza kupata madume matano."

"Najua, Mama."

"Utafanyaje?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote: wangapi watabaki kulingana na wangapi watazaliwa, watakaa upande gani wa wavu, hadi umri gani, pumba ya nani, kwa kuwa nimepata vibarua vya kuandikia watu kazi zao kwenye kompyuta na naweza kuinunua mwenyewe. Na wakizidi ya hapo, siku gani nitakwenda nyumba ya tatu kumwita babu, na kwamba nitashika mimi.

Alisikiliza hadi mwisho, amesimama, ungo wa mchele kiunoni. Kisha akaniambia nitoe yai moja zaidi.

Nikatoa.